Kabla Hujatuma Hela ya Kontroli Boksi

Wadogo zangu, leo kona yetu inaingia gereji, kwa sababu barua iliyonifikia wiki hii imeniuma na sitaki isubiri.

Imetoka kwa mdogo wangu wa hapa hapa Rau, Moshi. Ana Toyota IST aliyoinunua kwa fedha za kikundi, anapelekea mboga sokoni alfajiri na kuwabebea watu mizigo mchana. Tangu mvua zianze, gari limekuwa likizima njiani bila taarifa. Mara linawaka, mara linagoma, mpaka siku moja likakataa kabisa. Starta inapiga, injini inazunguka, haishiki. Fundi akaja na mashine ya kupimia, akaichomeka kwenye tundu la chini ya usukani, mashine ikasema haipati mawasiliano na gari. Hukumu ikatoka palepale: kontroli boksi imekufa, tuma hela iletwe nyingine kutoka Dar kwa basi la kesho. Mdogo wangu anauliza, "Dada, nitume au nisitume?"

Usitume. Sisemi kwamba haijafa, maana huwa zinakufa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuonyesha kuwa imekufa, na spea ya umeme ukishailipia na kuifunga, wauzaji wengi hawaipokei tena. Hela ya kikundi ikienda kwenye kasha ambalo halikuwa na kosa, gari litabaki vilevile uani na marejesho yatakusubiri palepale.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kontroli boksi ni kasha la bati au plastiki lenye ukubwa wa kitabu, na katika magari mengi madogo ya Japani limefichwa upande wa abiria, nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna bango la saketi. Linapokea habari kutoka kwenye sensa: hewa inayoingia ni kiasi gani, maji ya injini yana joto gani, kranki imefika wapi katika mzunguko wake. Kisha linatoa amri, nozeli zimwage petroli kwa sehemu chache za elfu za sekunde, koili zitoe cheche wakati huu na si wakati ule. Ndani ya kasha hilo hakuna kinachozunguka wala kinachosuguana. Ndiyo maana plagi huisha, mikanda huisha, betri huisha, lakini kasha hili mara nyingi hudumu kuliko gari lenyewe. Katika orodha ya washukiwa, liweke mwisho.

Sasa turudi kwenye ile mashine iliyokosa mawasiliano, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela.

Mashine kukosa mawasiliano ni habari moja tu: mazungumzo hayakufanyika. Haijakueleza ni nani aliyenyamaza. Tundu lile lina pini 16. Pini ya 16 hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na pini ya 4 na ya 5 ni za ethi. Fyuzi ile ikiungua, mara nyingi taa ya mashine yenyewe haiwaki, na kontroli boksi haihusiki. Halafu kuna vile vimashine vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe, na baadhi yake yanazungumza lugha ambayo vimashine hivyo havikufundishwa. Wamarekani walilazimisha mfumo mmoja wa upimaji kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, lakini gari lililouzwa Yokohama halikubanwa na sheria hiyo, hata kama tundu lake linafanana. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa fundi ni hili: mashine hii umeijaribu kwenye IST nyingine ikasoma? Kama kuna jirani mwenye IST nzima ya umri uleule, mwombe dakika tano. Ikikosa kusoma na hiyo, basi tunahitaji mashine nyingine kabla ya kuhitaji kontroli boksi nyingine.

Mashine ikisoma kwa jirani na isisome kwako, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Zungusha ufunguo mpaka taa zote ziwake, usipige starta. Ile taa yenye picha ya injini inatakiwa iwake. Wengi hufurahi isipowaka, wakidhani injini haina tatizo. Kumbe taa hiyo kuwaka wakati huo ni dalili kwamba kontroli boksi imeamka. Isipowaka kabisa, na glopu yake ni nzima, kasha limelala. Limelala kwa sababu limekufa, au kwa sababu halijapata chakula? Hapo ndipo mita inapoingia, na hapa naomba unisome polepole.

Kontroli boksi inahitaji umeme wa kuingia na ethi ya kutokea. Umeme huingia kwa njia zaidi ya moja. Kuna waya unaoipa umeme wakati wote ili kumbukumbu isipotee, na kuna mwingine unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa, kupitia rilei kuu ambayo kwenye Toyota imeandikwa EFI kwenye kifuniko cha kasha la fyuzi. Rilei hiyo ikichoka, gari linafanya mambo yanayofanana na uliyoandika: linazima likipata joto, likipoa linawaka. Fundi anaweza kuichomoa na kuweka nyingine yenye namba ileile kutoka sehemu nyingine ya gari, akajaribu. Kazi hiyo haihitaji hata spana.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Waya za ethi za kontroli boksi zimefungwa kwa bolti kwenye injini, na injini imeunganishwa na bodi na betri kwa mikanda ya shaba. Gari likishafunguliwa gereji mara kadhaa, bolti moja hurudishwa imelegea, au haikurudishwa kabisa, au imefungwa juu ya rangi na kutu. Upimaji wake ni huu: mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta. Ikisoma chini ya volti 0.2 hivi, ethi ni nzuri. Ikipanda nusu volti na kuendelea, umeshampata mshukiwa wa kweli. Wakati huohuo pima betri yenyewe. Ikiwa imetulia na imejaa husoma volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga starta isishuke chini ya 9.6. Betri dhaifu huizungusha injini kwa shida huku kontroli boksi ikizimika na kuamka upya, na mtu asiyepima ataapa kwamba kasha limeharibika.

Sasa sikiliza jambo hili ambalo ningependa kila mwenye Toyota alijue. Kontroli boksi ikishapokea volti 12, inatengeneza ndani yake volti 5 na kuzigawa kwa baadhi ya sensa, kwa mfano ile inayosoma mahali pedali ya mafuta ilipofika. Waya huo ni wa pamoja. Sensa moja ikipata shoti, au waya wake ukichunika na kugusa chuma, volti 5 zote zinaanguka. Katika Toyota nyingi, zikianguka, kontroli boksi nzima inasimama: taa ya injini haiwaki, mashine haipati mawasiliano, injini haishiki. Dalili ni zilezile za kasha lililokufa, ilhali kasha ni zima na linazuiwa na sensa moja.

Kuligundua hakuhitaji kununua kitu. Fundi afungue ufunguo, achomoe soketi za sensa moja baada ya nyingine huku wewe ukiitazama dashibodi. Ukichomoa moja na taa ya injini ikawaka ghafla, mashine ikaanza kusoma, basi umempata mkosaji, na bei yake hailingani hata kidogo na bei ya kontroli boksi. Mdogo wangu, kwa dalili ulizonieleza, hiki ndicho kipimo ninachotaka ufanyiwe mbele ya macho yako kabla ya kingine chochote. Gari lako lilianza kuzima wakati wa mvua, na mvua huharibu soketi na waya kabla haijafika kwenye kasha.

Na mazingira yetu tuyaseme wazi. Rau ni mahali pa maji: mto, mifereji, mashamba ya mpunga kule chini, barabara ambazo masika hugeuka vidimbwi. Ukipita kwa kasi kwenye maji, yanaruka mpaka kwenye soketi za chini ya injini. Miti nayo inaangusha majani na maua, ya jakaranda yakiwamo, yanajazana pale chini ya waipa kwenye mfereji mdogo wa kutolea maji ya kioo. Mfereji ukiziba, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani ya gari, na mara nyingi yanateremkia upande wa abiria, kulekule kasha lilikojificha. Pandisha kapeti la abiria ulishike kwa mkono. Likiwa na unyevu na hukumwaga kitu, hiyo ni habari muhimu, mwambie fundi.

Kuna na panya. Kwenye nyumba zenye stoo ya mahindi au banda la kuku, gari linalolala uani linakuwa na joto zuri usiku wa Juni na Julai. Panya wanaingia juu ya injini, wanajenga, wanatafuna waya. Waya uliotafunwa nusu ndio mbaya kuliko uliokatika, maana hufanya kazi gari likisimama na kugoma barabara ikitikisa. Fundi mzuri ataiacha injini ikiunguruma na kutikisa mafungu ya waya kwa mkono, taratibu, moja baada ya jingine, akisubiri injini ishtuke.

Mengine tunayafanya wenyewe. Kuosha injini kwa bomba la presha ili gari ling'ae kabla ya kuuza. Kubusti betri na kukosea, chanya kwenye hasi, hata kwa sekunde moja. Kuchomelea bampa au ekzosi bila kuchomoa betri. Hili la kuchomelea linanisikitisha, kwa sababu kuzuia kwake ni spana namba 10 na dakika moja. Mwambie fundi bodi achomoe kichwa cha hasi kabla ya kuwasha mashine yake, na usione haya kusimama pale mpaka achomoe.

Tuseme mashine imesoma na imetoa kodi. Omba ziandikwe kwenye karatasi, zote, kabla ya kufutwa. Kodi ni herufi na tarakimu, na kila moja inataja eneo la tatizo. Haitaji kitu cha kununua. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, pampu ya petroli imechoka, chujio limeziba au sensa ya hewa imechafuka. P0335 inaelekeza kwenye mzunguko wa sensa ya kranki, yaani sensa, waya wake au soketi yake. Kodi zinazoigusa kontroli boksi yenyewe ni familia ya P0601 mpaka P0606, zinazohusu kumbukumbu na ubongo wa ndani. Fundi akikwambia kasha limekufa, mwulize kwa adabu: kodi ipi imesema hivyo? Na hata ikitoka P0603, inayohusu kumbukumbu ya kudumu, kwanza ulizia kama betri ilichomolewa au umeme wa wakati wote umekatika, maana huweza kuileta kodi hiyo bila kasha kuwa na kosa.

Wenye magari ya zamani zaidi, zile Carina na Corolla za miaka ya 1990, msivunjike moyo kwa kukosa mashine. Toyota hizo zina kisanduku kidogo cha upimaji chini ya boneti. Fundi anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua ufunguo, na taa ya injini inakonyeza kodi kwa kuhesabika. Asiyejua tundu lipi ni lipi asiguse.

Kuna pia barua nyingine, ya mwenye gari la kupandisha watalii anayelalamika kwamba injini inakosa nguvu akikaribia Lango la Marangu. Mji wa Moshi uko mita 800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na langoni ni zaidi ya mita 1,800. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kontroli boksi nzima inalijua hilo na inapunguza petroli ifae hewa iliyopo. Kama gari linarudi na nguvu zake ukishuka mjini na hakuna taa inayowaka, hilo ni mlima, si ugonjwa.

Haya, tuseme vipimo vyote vimefanyika. Umeme unafika kwenye pini za kasha, ethi ni safi, sensa zote zimechomolewa na volti 5 bado hazionekani. Au kila kitu kinaingia sawasawa lakini amri ya nozeli moja haitoki, na waya wake umepimwa toka mwanzo hadi mwisho. Au kasha limefunguliwa na ndani kuna kutu ya kijani, alama ya kuungua, harufu ya moshi. Hapo nakubali, na fundi wako anastahili kuaminiwa. Makasha huharibika hata mikononi mwa wanaoyatengeneza. Agosti 2010 Toyota iliita magari takribani milioni 1.13 ya aina ya Corolla na Matrix huko Marekani na Kanada, modeli za 2005 hadi 2008, kwa sababu viungo vya risasi ndani ya kontroli boksi vingeweza kupata ufa na injini ikazima au ikagoma kuwaka. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula bango.

Nimeyataja hayo mawili kwa makusudi, kwa kuwa yote mawili yanatengenezeka. Kabla ya kununua, tafuta fundi wa vifaa vya elektroniki, wale wa kurekebisha televisheni na inveta, mwenye mkono uliotulia na kioo cha kukuzia. Kiungo kilichopata ufa hupigwa risasi upya. Kapasita iliyovuja hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikiwa ni maji, betri ichomolewe mara moja, ufunguo usiguswe, kasha lifunguliwe, lisafishwe kwa spiriti safi na brashi laini, likauke vizuri kabla ya kurudishiwa umeme. Kilichoungua mpaka bango likawa jeusi, au ubongo mkuu wenyewe ukifa, hapo nunua.

Na kununua nako kuna adabu zake. Kwenye kasha la Toyota pamebandikwa karatasi yenye namba inayoanza na 89661, kisha tarakimu tano nyingine. Piga picha karatasi hiyo. Namba yote ndiyo unayoitafuta, Gerezani kule Dar au kwingineko, na si "ya IST". IST za mwanzo ziliuzwa kuanzia 2002 zikiwa na injini mbili, ya 1.3 na ya 1.5, na kasha la moja si la nyingine hata kama soketi zinaingia. Gari la otomatiki mara nyingi kasha lake linaongoza na giaboksi, kwa hiyo la manyuo halitafaa. Mwombe muuzaji akutumie picha ya karatasi ya kasha analouza, ikisomeka, pamoja na picha ya pini, kabla ya kumtumia shilingi. Atakayesema picha ya nini, zote ni sawa, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Angalia pia ufunguo wako. Kama una chipu, na kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya ulinzi inayokonyeza gari likiwa limefungwa, kasha jipya halitautambua ufunguo wako na injini itagoma kushika. Hapo unanunua kasha pamoja na ufunguo na kifaa chake cha ulinzi kutoka gari moja, au unatafuta mtaalamu wa kuvifundisha vijuane. Jambo hili lijulikane kabla ya kulipa, kwa sababu watu wameshabadilisha makasha mawili wakidhani yote ni mabovu kumbe tatizo lilikuwa ufunguo.

Makubaliano yaandikwe. Risiti ya EFD, namba ya kasha ndani ya risiti, na siku za kujaribu mlizokubaliana. Ujumbe wa simu unaosema "likigoma nirudishie ndani ya siku kadhaa" na jibu la muuzaji "sawa" ni bora kuliko maneno matamu ya kwenye simu.

Kabla kasha jipya halijafungwa, swali ambalo gereji nyingi hulikimbia: la kwanza liliuawa na nini? Alternata inayochaji kupita kiasi itaua na hili. Gari likinguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, tengeneza alternata kwanza. Nozeli zipimwe: katika injini kama ya IST kila moja husoma omu 12 hadi 16 hivi, na inayosoma karibu na sifuri ina shoti. Valvu ya umeme inayorekebisha sailensi nayo ipimwe, na koili, na waya zake zote. Kifaa chenye shoti ndicho huunguza tawi la ndani la kasha, na ukifunga kasha zuri juu ya shoti ileile, utalipoteza kabla hujatoka getini.

Siku ya kufunga, betri ichomolewe, soketi ziingie bila kulazimishwa, ethi zote zirudi. Injini inaweza kuunguruma vibaya mwanzoni wakati kasha linajifunza gari, usiogope hilo peke yake. Gari likipata joto, mashine isome tena na kodi ziwe hazipo. Halafu panda nalo kilima cha kuelekea Uru ukiwa na mzigo kidogo, shuka, lizime, liwashe tena likiwa na joto. Salio la fundi lilipwe baada ya safari hiyo. Kasha la zamani chukua wewe, ni mali yako, na linaweza kutengenezwa au kuuzwa kwa vipande.

Najua kuna anayesoma haya akijiambia, dada anaongea kirahisi, mimi nikifika gereji naitwa "mama" na naambiwa nikae kwenye benchi nisubiri. Usikae. Huhitaji kubishana wala kujifanya unajua kuliko yeye. Mafundi wetu wa Moshi wengi ni hodari, wengine wamepita VETA, wengine wamejifunza kwa macho na mikono tangu utoto, na fundi anayejua kazi yake hufurahi kuonyesha. Msalimie, mpe heshima yake, kisha sema: "Fundi, naomba unionyeshe umeme unafika wapi na unaishia wapi." Lipia upimaji. Hili nalisisitiza, kwa sababu tumezoea kulipia spea na kuona kupima ni bure, ndiyo maana fundi naye anaona bora auze spea. Ukisema tangu mwanzo kwamba saa yake ya kupima ina malipo hata kama hakuna kitakachonunuliwa, atakuwa na sababu ya kuutafuta ukweli. Na kama hana mita, mtafute mwenye mita, fundi umeme wa magari, hata kama fundi wako wa miaka yote atanuna kidogo.

Barua ya mwisho ni fupi. Mdogo wangu wa Uru anauliza kama anaweza kuendelea kuendesha taa ya injini ikiwa imewaka. Ikiwaka na kutulia, gari likiwa na nguvu zake na joto la injini ni la kawaida, unaweza kufika kwa fundi taratibu. Ikiwa inakonyeza huku injini inatetemeka, punguza mwendo na utafute pa kusimama, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi na kuyachoma. Wewe umesema mashine ilitoa P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi. Kwenye injini yako kila silinda ina koili yake juu. Fundi ahamishe koili ya kwanza aiweke ya pili, na ya pili aiweke ya kwanza, afute kodi, mwendeshe kidogo, apime tena. Ikirudi P0302, ugonjwa umehama na koili, nunua koili hiyo moja. Ikibaki P0301, irudieni kazi hiyohiyo kwa plagi, kisha nozeli.